Marekebisho ya Profesa

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta pale mke wa Profesa alipolifikia dirisha lake, akitembea upesi sambamba na behewa, mkono mmoja umeshika upindo wa gauni asijikwae, mkono wa pili unaning'iniza mkanda mweusi.

"Umesahau huu!"

Ulikuwa mkanda wa kuvaa shingoni, ule unaobeba uzito wa saksafoni. Mpiga saksafoni anayekwenda kutafuta kazi ya saksafoni bila mkanda wake hana tofauti na seremala aliyeacha nyundo akakumbuka kofia. Na kofia, kwa kweli, Profesa alikuwa ameikumbuka. Alikuwa ameivaa.

"Nilikuachia makusudi, iwe ukumbusho," alisema, akiupokea.

"Mwongo mkubwa wewe." Treni iliongeza mwendo, naye akaongeza hatua. "Sasa nisikilize, mume wangu. Hii ndiyo ya mwisho. Ukiipata hiyo kazi ya kudumu, mimi na binti tunahama tunakufuata. Usipoipata, usije ukanirudia na habari za kwenda kujaribu bahati kwingine. Nimechoka kuolewa na begi."

Profesa alitaka kumjibu kitu kizito, kitu cha kukumbukwa na wajukuu. Alikuwa bado anakitafuta wakati jukwaa la stesheni lilipokwisha na mkewe akasimama, akawa mdogo, akageuka kurudi kwenye cherehani yake.

Ilikuwa safari ya kumi na mbili. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na katika miaka hiyo alikuwa ameziacha bendi kumi na moja, kila moja kwa heshima kubwa aliyojipa mwenyewe. Kila alipoondoka alikuwa na hakika kwamba bendi hiyo haitamaliza mwezi. Ajabu ni kwamba nyingi zilinenepa. Moja aliikimbia siku ya Ijumaa kwa sababu mwimbaji alimkatiza kwenye solo, na Jumapili yake ikaalikwa kupiga ng'ambo. Yeye mwenyewe akisimulia siku hizi husema kwamba amesaidia muziki wa jazi kuliko watu wengi, na msaada wake mkubwa ulikuwa kuondoka.

Saksafoni aliipata akiwa kijana kwenye kiwanda cha sabuni alikokuwa akifunga maboksi. Kiwanda kilikuwa na bendi yake ya wafanyakazi, na ndani ya kabati kulikuwa na saksafoni kubwa, ile ya sauti nene, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ilinuka sabuni ya kufulia. Aliichukua. Jirani na kiwanda kulikuwa na kinyozi mwenye sahani za santuri za jazi, na Profesa alizisikiliza kupitia ukutani mpaka akazijua kuliko mwenye nazo. Kwa masikio alikuwa hatari. Ukimpigia wimbo mara moja, mara ya pili anaupiga na wewe, na mara ya tatu unaanza kujiuliza nani aliutunga.

Lakini noti hakujua hata moja. Kwake karatasi ya muziki ilikuwa safu ya sisimizi waliokanyaga wino. Mwanzoni hakuwa na haja ya kujua, kisha akaona aibu kuuliza, kisha umri ukapita wa kuuliza, na mtu akishafika hapo hana budi kuwa hodari wa kuficha. Alinunua miwani yenye vioo vitupu. Akiwekewa karatasi mbele yake aliivaa, akakunja uso, akaitazama karatasi kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Ndiyo maana wakamwita Profesa. Jina hilo alilipenda mno, akasahau limetoka wapi.

Halafu kulikuwa na kimwanzi. Mdomoni mwa saksafoni hufungwa kipande chembamba cha mwanzi, na hicho ndicho kinachotetemeka sauti ikatoka. Kimwanzi hupasuka, huchoka, hukauka. Sasa, kila bendi ilipogawa wimbo mpya, kimwanzi cha Profesa kiliugua. Wenzake wanaanza kupiga, yeye anakifungua, anakilamba, anakipima kwenye mwanga wa dirisha, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Wimbo ukiisha mara ya kwanza, kimwanzi kimepona. Mara ya pili anapiga nao kama aliyezaliwa na karatasi ile mkononi. Kwa miaka thelathini na miwili aliishi kwa ugonjwa huo.

Kazi aliyokuwa akiifuata ilikuwa ya okestra ya redio. Watu kumi na wanne wenye mshahara wa mwezi, likizo, na viti vyenye migongo. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwembamba, mpangaji wa muziki, ambaye kila noti ya kila chombo aliiandika kwa mkono wake. Nywele zake alizifunga juu na kuchomeka penseli mbili tatu, na ikitokea akazisahau humo huazima ya mwenzake na kuichomeka pia. Wanamuziki walimwita Mama Penseli, mbele yake na nyuma yake.

Siku ya majaribio alimpa Profesa karatasi. Profesa akavaa miwani. Akakunja uso. Kisha akatoa kimwanzi na kukitazama.

"Samahani, mama. Hiki kimepasuka safarini. Wakati nabadilisha, hebu nigusie kidogo huo mwanzo kwenye piano, niupate mwendo unaoutaka. Kila kiongozi na mwendo wake."

Mama Penseli alikaa kwenye piano akapiga wimbo wote, maana alikuwa mtu wa kumaliza alichokianza. Ilipofika zamu yake, Profesa aliupiga, akaupamba, akauzungusha, akaurudisha nyumbani salama.

"Hukufuata kila noti," alisema Mama Penseli.

"Noti ni barabara, mama. Mimi ni mpitaji."

Maneno hayo hayakuwa na maana yoyote, na Profesa alilijua hilo wakati yanamtoka. Lakini Mama Penseli aliyaandika pembeni mwa daftari lake. Akampa miezi mitatu ya majaribio.

Jioni ile alimpigia mkewe simu. "Nimepata!"

"Umepata kama ulivyopata mara ile, au umepata?"

"Miezi mitatu, halafu mkurugenzi anatia saini."

"Basi hujapata," alisema mkewe. "Umeazimwa."

Pembeni mwa Profesa, kwenye safu ya saksafoni, alikaa Sajini, mstaafu wa bendi ya polisi, mpiga saksafoni ndogo. Sajini alisoma noti kama watu wanavyosoma saa. Ukimwekea karatasi yenye tone la chai, atalipiga na lile tone. Alipiga sawasawa, kwa nidhamu, bila kosa na bila ladha, kama mtu anayepiga chapa barua ya serikali. Wiki ya tatu aliinama kwa Profesa wakati karatasi mpya zinagawiwa.

"Nimekaa kwenye bendi miaka ishirini na sita," alisema taratibu. "Sijaona kimwanzi kinachougua kila karatasi mpya ikitoka."

"Hewa ya humu kavu, Sajini."

"Cha kwangu kinaivuta hewa hiyohiyo."

"Chako kimezoea amri," alisema Profesa, na mpiga tarumbeta aliyekuwa nyuma yao akacheka mpaka akatema mate kwenye karatasi yake. Sajini hakucheka. Hakuwa mtu wa kuchongea, ila tangu siku ile alikuwa akikitazama kile kimwanzi kwa jicho la polisi.

Tatizo jipya ni kwamba kwenye okestra hii kila mtu alikuwa na njia yake. Wimbo wenyewe Profesa aliweza kuudaka, lakini sauti yake mwenyewe, ile aliyoandikiwa yeye peke yake, hakuna aliyeipiga ili aidake. Basi akawa anaitunga. Anasikiliza wenzake mara ya kwanza, anaona pengo liko wapi, mara ya pili anaingia pale penye pengo. Alijua siku moja atashikwa. Ilipofika siku hiyo, hakushikwa kama alivyotazamia.

"Profesa," aliita Mama Penseli, akisimamisha mazoezi. "Mwisho wa mstari wa tatu nimekuandikia ushuke. Wewe umepanda."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Hapo hakuwa na uongo tayari, kwa hiyo alisema kweli. "Tromboni anashuka pale. Tukishuka wote wawili, huko juu anabaki nani?"

Mama Penseli alitazama karatasi yake kubwa. Akatazama kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza. Akachomoa penseli nyweleni, akafuta, akaandika.

"Una haki," alisema. "Nimekosea."

Katika chumba kile hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo. Mpiga tarumbeta alimpiga Profesa kofi la begani. "Kaka, umemrekebisha Mama Penseli! Tukuchongee sanamu?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo na kushukuru. Profesa alivimba kichwa. Kesho yake alipanda mahali pengine, na Mama Penseli akauliza, na yeye akajibu, na penseli ikafanya kazi. Ikawa desturi. Baada ya mwezi, kiongozi huyo alikuwa anafuta kabla hata ya kuuliza. "Profesa kanirekebisha tena," alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa na heshima, ila ilikuwa pia na kitu kingine, kidogo, kama cha mtu aliyepigwa kumbo njiani akaomba radhi yeye. Kitu hicho Profesa hakukisikia. Masikio yake yalikuwa ya muziki tu.

Mwezi wa pili mkewe alishuka kwenye treni na binti yao, masanduku matatu na cherehani iliyofungwa blanketi kama mgonjwa.

"Saini bado," alisema Profesa, akishtuka.

"Najua bado. Nimekuja kuisimamia."

Walikodi vyumba viwili kwenye mtaa wa nyuma ya kituo cha redio, na kile cha mbele, chenye dirisha la barabarani, mke akakifanya chumba cha ushonaji. Siku ya tano alikuwa na foleni. Alikuwa fundi wa kweli. Mteja akiingia mlangoni, keshajua kiuno chake. Binti, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekuwa akingoja nafasi ya chuo cha ualimu, alisaidia kutia vifungo. Shuleni alikuwa ameimba kwaya miaka minne na noti alizisoma bila shida. Aliwahi kujitolea kumfundisha baba yake. Profesa akamwambia kwamba mtu hafundishwi muziki na mtoto aliyembembeleza kwa muziki huohuo alale. Lilikuwa jibu zuri, na lilimgharimu miaka sita.

Zikiwa zimebaki siku tano kabla ya saini, Mama Penseli alimwita Profesa ofisini kwake. Ofisi ilikuwa na meza moja, kiti kimoja na karatasi kila mahali, hata dirishani zilizuia jua. Alikuwa amesimama, ameshika furushi la kurasa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto wa mwingine.

"Jumamosi saa kumi alasiri redio inatimiza miaka arobaini," alisema. "Tutapiga moja kwa moja hewani. Mkurugenzi amekubali tupige kitu changu. Si cha kupangia wengine. Changu. Dakika kumi na mbili."

"Hongera sana, mama."

"Sijalala wiki mbili. Kila ninachoandika nakitilia shaka." Alimnyooshea furushi. "Nirekebishie. Vyombo vyote. Tia alama kwa penseli nyekundu, nitawaachia mabinti wa masijala wanakili kama ulivyoweka. Nakihitaji kesho kutwa. Na ile barua yako iko mezani kwa mkurugenzi, nimeshaipendekeza. Jumamosi baada ya matangazo anatia saini."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na Mama Penseli alikuwa na uso wa mtu anayeweza kusikia. Profesa alifungua mdomo.

"Ni heshima kubwa kwangu," ulisema mdomo.

Alasiri hiyo alizitandika kurasa zile kwenye meza ya kukatia vitambaa. Sisimizi walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona, ghorofa kumi na nne kwa kila ukurasa. Mkewe alikuwa anakanyaga cherehani na binti yuko kwenye mkoba wa vifungo. Profesa alivaa miwani, akainua penseli nyekundu.

"Baba," alisema binti, akipita nyuma yake, "huo umeushika juu chini."

"Nilikuwa naangalia muhuri." Akaugeuza.

Binti hakuondoka. Alisimama akamtazama baba yake, halafu akazitazama kurasa, na Profesa akahisi shingoni mwake kwamba mtoto amejua. "Ukitaka nikusomee," alisema polepole, "niko hapa. Mama hasikii, cherehani inapiga kelele."

"Unisomee nini? Kwani hii barua?"

Cherehani ilinyamaza. "Kuna nini?" aliuliza mke.

"Hakuna," alisema Profesa. "Kazi ya kitaalamu."

Akaanza. Alijiwekea utaratibu, maana hata upumbavu unataka utaratibu. Palipoonekana pamejaa, alipunguza, kwa huruma. Sisimizi waliopanda sana aliwashusha, walioshuka aliwapandisha. Kwenye ukurasa wa saba palikuwa peupe mno, karibu hapana kitu, ni piano peke yake na vidoa vichache. Akaona pale Mama Penseli amechoka. Akapajaza. Alitia alama arobaini na moja, na alipomaliza aliegemea kiti akazitazama kwa kujivuna. Husema hivi mwenyewe, kwamba hilo ndilo linalomtoa jasho mpaka leo. Angalau angeogopa. Hakuogopa. Alijivuna.

Alhamisi karatasi ziligawiwa, zimenakiliwa vizuri kwa penseli, safi. Mama Penseli alimshukuru mbele ya wote. Kimwanzi, kwa mazoea, kiliugua. Okestra ikaanza.

Ukichukua kabati la vyombo ukalisukuma kwenye ngazi, litatoa kelele, lakini kelele hiyo ina mwisho. Hii iliendelea, kwa mpangilio, watu kumi na watatu waliofunzwa wakipiga kwa uangalifu kila kilichoandikwa. Sajini alikuwa mbaya kuliko wote kwa sababu hakukosea hata pahali pamoja. Mpiga tarumbeta alipiga huku amefumba jicho moja. Mpiga besi alitazama mlango.

Mama Penseli alishusha mkono. Rangi ilikuwa imempotea.

"Tena," alisema.

Wakarudia. Ikawa vilevile, isipokuwa sasa walijua kinachokuja.

"Mama," alisema mpiga tarumbeta, "kwa heshima zote. Sisi tunapiga jazi au tunahama nyumba?"

"Kosa ni langu," alisema Mama Penseli. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Masikio yangu hayajafika huko. Profesa anasikia mbali kuliko mimi, tangu mwanzo ameonyesha hivyo. Jumamosi tutapiga hivihivi. Mimi nitazoea."

Profesa alikuwa ameshakifunga kimwanzi. Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi mno. Anyamaze. Anyamaze Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mpaka saa kumi na nusu, saini itue, mkewe apate mume mwenye kazi na binti baba mwenye anwani. Baada ya hapo, nani angejua? Wangesema ni jazi ya kisasa. Angeweza hata kusifiwa magazetini. Dhamiri yake, akiipima vizuri, ilikuwa tayari kabisa kunyamaza. Ilikuwa imefanya mazoezi ya kutosha.

Masikio ndiyo yaliyogoma. Mara ya tatu, walipofika ukurasa wa saba, chini ya ile takataka yote aliyoijaza, alisikia piano. Vidoa vichache vile. Mama Penseli hakuwa amechoka pale. Alikuwa amewanyamazisha wote kusudi, ili piano itembee peke yake katikati ya wimbo kama mtu anayevuka chumba kitupu. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyosikia katika jengo lile, na juu yake yeye alikuwa amemwaga tromboni mbili na ngoma.

"Simamisheni," alisema.

Hawakumsikia. Akasimama, kiti kikaanguka.

"Simamisheni! Haya marekebisho ni uchafu. Yafuteni yote."

Mama Penseli aligeuka. "Uchafu gani? Si umeyaweka wewe?"

"Nimeyachora tu, mama. Mimi sijui kusoma noti."

Mpiga tarumbeta aliangua kicheko, akidhani ni mzaha. Akawatazama wenzake wacheke naye. Akaona uso wa Sajini, na kicheko kikamkauka.

"Miezi hii mitatu?" aliuliza Mama Penseli.

"Miaka thelathini na miwili."

"Na yale ya mwanzo? Pale nilipokuandikia ushuke?"

"Yale niliyasikia. Yale ni ya kweli. Haya ndiyo nimechora."

Mama Penseli alikaa kwenye ukingo wa jukwaa dogo la kuongozea. Penseli moja ilimtoka nyweleni ikabingirika mpaka chini ya piano, na hakuna aliyeifuata.

"Unajua," alisema, bila kupaza sauti, "nyumbani nina sanduku la kazi za miaka kumi. Mwezi uliopita nilianza kuzichana. Nilijiambia, huyu mtu amekuja juzi, anasikia nisichosikia, basi mimi sifai. Wewe ulikuwa unakaa pale na miwani yako, unaniona nikifuta."

"Yale ya mwanzo ni kweli, mama. Naapa."

"Na mimi nitajuaje sasa yapi ni yapi?"

Profesa alivua miwani, akaitia mfukoni.

Ilibidi waanze kufuta. Vifutio vilikuwa vinne kwa watu kumi na watano, wakapokezana. Walirudi kwenye karatasi ya asili ya Mama Penseli, wakalinganisha, wakasugua. Mama Penseli hakumfukuza, alimrushia tu kifutio, na Profesa akapiga magoti sakafuni na kusugua mpaka saa saba mchana. Ndiyo kazi pekee ya noti aliyowahi kuifanya bila kosa. Wakati wa kutoka, Sajini alimsogelea mlangoni.

"Ungeniambia wiki ya kwanza," alisema, "ningekuwa nakunong'oneza."

"Kwa nini hukusema kama ulijua?"

"Ulikuwa unapiga vizuri, mwana wee," alisema Sajini, akionekana kuudhika. "Nilikuwa nakusikiliza."

Barua ilirudi kutoka kwa mkurugenzi bila saini. Mama Penseli aliiondoa mwenyewe. Sheria ya okestra ilitaka kila mwanamuziki asome, na hata isingetaka, alisema, yeye asingeweza tena kumtazama akivaa ile miwani. Jumamosi Profesa akae nyumbani.

Jumamosi saa kumi alikaa nyumbani. Redio ilikuwa juu ya rafu ya nyuzi. Mkewe alikuwa anapinda marinda, binti anapiga pasi. Profesa alikuwa amewaambia yote Alhamisi, amesimama mlangoni na saksafoni bado begani, na mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amekula. Tangu hapo hakuligusa jambo hilo, na Profesa alikuwa akingoja kama mtu anayengoja jino ling'olewe.

Okestra ikaingia. Ukurasa wa saba ulipofika, piano ikavuka chumba chake kitupu, na pasi ya binti ikasimama juu ya kitambaa mpaka moshi ukaanza kutoka. Ilikuwa nzuri. Karibu na mwisho, pale ambapo saksafoni nene ingepanda wakati tromboni inashuka, palikuwa pamebaki wazi.

"Umekosekana kidogo," alisema mkewe, uzi mdomoni.

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

Matangazo yalipokwisha, Profesa aliinuka akaenda chumba cha nyuma. Alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati, kazi ambayo aliijua kuliko muziki. Mkewe alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Si tunaondoka? Kazi imekwisha. Ulisema mwenyewe."

"Nani anaondoka? Mimi nina sare za shule arobaini na mbili. Nina gauni la bibi harusi ambaye tumbo halingoji. Nina mama wa mkurugenzi wako kesho saa nne." Aliliondoa shati mikononi mwake, akaona limefumuka kwapani, akalitupia begani. "Ukitaka kwenda, nenda. Stesheni unaijua. Lakini mimi hapa ndipo kwangu, na watu wa hapa wananihitaji. Kama wewe huwezi kukaa mahali ambapo hawakupigii makofi, sema sasa nijue."

Profesa alitazama begi. Ilikuwa zamu yake ya kuondoka na alikuwa na sababu nzuri kuliko zote kumi na moja zilizotangulia, na hapakuwa na mtu wa kumuaga. Alikaa kitandani.

"Hizo sare," alisema hatimaye, "zina vifungo?"

"Saba kila moja."

Yaliyofuata ni haya. Mama Penseli aliongoza okestra miaka mitano zaidi, kisha akaenda kufundisha katika chuo cha muziki. Kile kipande chake kilipigwa tena mara mbili. Kazi alizokuwa ameanza kuzichana hakuziandika upya. Alipokutana na Profesa sokoni aliitikia salamu, hakusimama. Okestra ilivunjwa mwaka uliofuata baada ya yeye kuondoka, na redio sasa inapiga kanda. Sajini alirudi kwa watu wake na kufuga kuku, akafa kwa shinikizo la damu. Mpiga tarumbeta alihamia ng'ambo, anauza matairi. Binti alipata chuo, akawa mwalimu wa darasa la tatu, ameolewa na fundi mitambo wa redio na ana watoto wawili. Alimfundisha baba yake noti wiki kumi na moja, wakagombana, wakaacha. Profesa anaweza kusoma nyimbo za polepole. Jumapili mchana hupiga kwenye ukumbi wa hoteli moja, yeye na mpiga piano, kwa watu wanaokunywa chai na kuzungumza. Siku nyingine hutia vifungo. Mkewe ana mafundi watatu na macho yake yameanza kufifia. Wanaishi katika vyumba vilevile viwili, na cha tatu wameongeza kwa nyuma.